Jinsi ya Kujiandaa kwa Mbio za Mlima Ambazo Njia Unaichagua Mwenyewe

Kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika milima ya Cumbria inayojulikana kama Lake District, klabu za riadha huandaa kila mwaka mbio ambazo mkimbiaji hapewi njia, bali hupewa orodha ya vituo. Kati ya kituo na kituo hakuna utepe, hakuna mishale, na mara nyingi hakuna hata kijia. Kila mtu huamua apande wapi, ashuke wapi, na azunguke jabali lipi kwa upande upi. Wenyeji huuita mlima wa aina hiyo fell, neno walilorithi kwa Wanorse, watu wa Skandinavia waliohamia huko zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na ndilo lililozipa mbio hizi jina lake.

Mwongozo huu nimemwandikia mkimbiaji ambaye tayari ana mapafu na miguu, pengine amemaliza nusu marathoni kadhaa, lakini hajawahi kukimbia huku ameshika ramani. Aliyezoea mbio za barabarani, ziwe za Moshi, Nairobi au London, amezoea kufikiri kwamba kazi yake ni moja tu, nayo ni kwenda kasi. Katika mbio hizi kazi ni mbili, na ya pili, yaani kuamua pa kupita, inaweza kukupa au kukunyang'anya dakika nyingi kuliko mazoezi ya miezi mitatu. Ili maelezo yasielee hewani, nitatumia mfano wa mbio moja ya kweli, Langdale Horseshoe, inayoandaliwa na klabu ya Ambleside kila mwezi wa Oktoba.

Hatua ya kwanza: Soma daraja la mbio kabla ya kujiandikisha

Chama cha wakimbiaji wa milima cha Uingereza, Fell Runners Association, kilichoanzishwa mwaka 1970, huzipanga mbio kwa herufi mbili. Herufi ya kwanza huonyesha ukali wa mlima. Mbio za daraja A hupanda wastani usiopungua mita 50 kwa kila kilomita, na sehemu ya barabara haizidi asilimia 20 ya urefu wote. Daraja B ni mita 25 kwa kilomita, na daraja C ni mita 20. Herufi ya pili huonyesha urefu: L ni kilomita 20 au zaidi, M ni kati ya 10 na 20, na S ni 10 au pungufu.

Langdale Horseshoe ni AL. Ina zaidi kidogo ya kilomita 20 na upandaji wa karibu mita 1,450, ambao ni sawa na mita 70 hivi kwa kila kilomita. Usiyasome maelezo haya kama mapambo ya kalenda. Mkimbiaji anayemaliza kilomita 20 za barabara kwa saa 1 na dakika 40 asitarajie muda unaokaribia huo hapa. Mwaka 1977 Andy Styan alimaliza kwa saa 1 na dakika 55, na muda huo ulidumu kama rekodi kwa miongo mingi, ingawa viatu na mbinu za mazoezi vilibadilika sana. Kwa mgeni mwenye nguvu za kutosha, saa tatu hadi nne ni muda wa heshima.

Angalia pia vifupisho vinavyoambatana na daraja. NS huashiria kwamba stadi za kutafuta njia zinahitajika, LK kwamba kuifahamu sehemu hiyo ni faida, na ER kwamba waandaaji wanataka ushahidi wa uzoefu. Ukiona ER, anza na mbio fupi za daraja la chini zaidi, ukusanye uzoefu, kisha urudi. Waandaaji hawakuzuii kwa kiburi. Wao ndio watakaokaa kwenye mvua wakikusubiri ukipotea.

Hatua ya pili: Pata ramani inayofaa, na uisome ukiwa umekaa

Ramani za taifa za Ordnance Survey za kipimo cha 1:25,000 huonyesha kila ukuta wa mawe na kila zizi, na sentimita 4 juu ya karatasi ni kilomita moja ardhini. Ramani za kampuni ya Harvey za 1:40,000 huonyesha mambo machache zaidi, lakini huonyesha vizuri zaidi umbo la mlima na aina ya ardhi, na wakimbiaji wengi huzipenda kwa sababu jicho linalotetemeka huzisoma kwa haraka. Mimi hupanga nyumbani kwa ramani ya 1:25,000 na kukimbia na ya 1:40,000. Usichanganye tu vipimo viwili siku ya mbio bila kuwa umezoea tofauti yake, maana umbali utakaoukadiria kwa jicho utakuwa wa uongo.

Jambo kuu la kusoma ni mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Mkimbiaji mgeni hutafuta vijia. Mkimbiaji mzoefu hutafuta umbo. Kontua zilizobanana ni mteremko mkali, na zilizoachana ni mteremko mpole. Zinapochongoka kuelekea chini ya mlima ni bega linaloshuka, na zinapoingia ndani kuelekea juu ni korongo. Lazima pia ujue kontua za ramani yako zimepishana kwa mita ngapi. Katika milima, ramani za Ordnance Survey hupishanisha mita 10, ilhali za Harvey hupishanisha 15, kwa hiyo asiyejua, akihesabu mistari ya Harvey, ataudhania mpando kuwa mdogo kuliko ulivyo.

Chukua penseli na uweke alama kwenye vituo. Kwa Langdale, ukianzia hoteli ya Old Dungeon Ghyll bondeni, karibu mita 100 juu ya usawa wa bahari, unapanda kando ya kijito cha Stickle Ghyll hadi ziwa dogo la Stickle Tarn, kisha kilele cha Thunacar Knott chenye mita 723, kisha kibanda cha mawe kilicho karibu na pengo la Esk Hause, kisha Bowfell yenye mita 902, kisha Crinkle Crags yenye mita 859, kisha Pike of Blisco yenye mita 705, na kurudi bondeni. Hata hivyo, orodha inayotawala ni ile ya waandaaji ya mwaka husika, pamoja na maeneo wanayoyakataza, kwa sababu wakulima na wahifadhi wa ardhi huomba mabadiliko pale mmomonyoko unapozidi.

Hatua ya tatu: Pima kila uamuzi kwa uzani wa nane kwa moja

Hapa ndipo moyo wa mbio ulipo, na nitakaa hapa kidogo.

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ya kukadiria muda wa safari: saa moja kwa kila maili tatu, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Maili tatu ni futi 15,840. Ukigawanya kwa 2,000 unapata karibu 8. Maana yake ni kwamba mita moja ya kupanda inagharimu muda sawa na mita nane za tambarare. Kanuni hii ilitungwa kwa watembeaji, lakini uwiano wake unawafaa wakimbiaji pia, kwa kuwa mkimbiaji mwenye kasi huwa na kasi kotekote.

Tuijaribu kwenye ardhi halisi. Kutoka kibanda cha Esk Hause, kilicho kwenye mita 720 hivi, unatakiwa kufika Bowfell. Katikati umesimama mlima wa Esk Pike wenye mita 885, na nyuma yake kuna pengo la Ore Gap kwenye mita 780 hivi, ambako utaanza mpando wa mwisho wa Bowfell. Unaweza kupita juu ya Esk Pike, au kukata ubavu wake hadi Ore Gap. Ukipita juu unapanda mita 165 na kushuka 105. Ukikata ubavuni unapanda takriban 60 tu. Tofauti ni mita 105 za kupanda, sawa na zaidi ya mita 800 za tambarare. Urefu wa njia hizo mbili haupishani hata robo ya umbali huo. Kwa hesabu, ubavu umeshinda.

Lakini hesabu haijamaliza maneno. Ubavu wa Esk Pike umejaa mawe na vijabali, na anayepotea ubavuni hukosa kitu cha kumweleza yuko wapi, wakati anayepita juu ya mgongo ana kijia kikubwa, kilele cha kumthibitishia, na mteremko unaompeleka moja kwa moja hadi pengoni. Ndiyo maana mimi huwashauri wageni hivi: siku ya jua, au kama umewahi kupita hapo kwa miguu yako, kata ubavuni, siku ya ukungu mzito na hujawahi kupita, kubali kulipa zile dakika chache na upite juu. Njia ya mkato isiyojulikana ni ghali kuliko zote.

Kwa hiyo kila unapopima njia mbili, jiulize mambo matatu kwa mpangilio huu. Kwanza, tofauti ya kupanda ni mita ngapi, na ukizizidisha kwa nane zinakuwa umbali gani? Pili, ardhi ikoje: majani mafupi, kangaga zinazofika kifuani, kinamasi, au mawe malegevu? Kangaga hunyauka kuanzia vuli, na mteremko uliokuwa ukuta wa kijani mwezi Agosti unaweza kupitika Oktoba, ingawa mashina yaliyolala hufanya ardhi iteleze. Tatu, je, kuna kitu njiani kitakachonihakikishia kwamba sijapotea? Jibu la swali la tatu likiwa "hakuna", majibu mawili ya kwanza yapunguzie uzito.

Kipande cha kutoka Thunacar Knott hadi kibandani ni mfano mwingine mzuri, ingawa chenyewe ni rahisi zaidi. Kuna vijia vinavyokushawishi kushuka kusini hadi bonde la Mickleden na kupanda tena kwa Rossett Gill. Tupa wazo hilo, kwa sababu utapoteza mamia ya mita na kuyarudisha yote kwa jasho. Bakia juu, elekea magharibi kupita Martcrag Moor, kisha uamue kama utapita mgongoni kwa Rossett Pike au utakata ubavuni upande wa bonde la Langstrath. Njia zote mbili hufika kwenye ziwa dogo la Angle Tarn, na kutoka hapo kijia kipana hukupeleka kibandani.

Hatua ya nne: Igawe kila njia kwa alama tatu

Ukishachagua njia, usijaribu kuikumbuka yote. Tafuta alama za aina tatu kwenye kila kipande.

Ya kwanza ni alama ya kuifuata: kijito, ukuta wa mawe, ukingo wa mlima, au mabadiliko ya mteremko yanayokwenda upande unaoutaka. Ukiwa nayo kando yako huhitaji dira. Ya pili ni alama ya kukuzuia, iliyo ng'ambo ya lengo, ambayo ukiifikia unajua umepita. Ya tatu ni alama ya kuanzia kazi ya makini, yaani mahali panapotambulika kirahisi karibu na kituo, ambapo unapunguza kasi na kushika dira kwa ajili ya mita mia chache za mwisho.

Ore Gap ni alama njema ya aina ya tatu. Udongo wake ni mwekundu kwa madini ya chuma, na hata jina la mahali linatokana na madini hayo. Katika ukungu ambao huoni mita 20 mbele, wekundu ule chini ya viatu ni kama mtu amekushika mkono. Kibanda cha Esk Hause, kwa upande wake, kimewachanganya wengi, kwa sababu hakipo juu ya pengo lenyewe. Pengo halisi liko kwenye mita 759, na kibanda kiko chini yake, upande wa kaskazini-mashariki. Anayefika kwenye pengo huku akiamini amefika kibandani atatoka na mwelekeo wa dira ulio sahihi kutoka mahali pasipo sahihi.

Ukilenga sehemu ndogo iliyo kwenye mstari mrefu, kwa mfano kivuko juu ya kijito, usiilenge moja kwa moja. Lenga kwa makusudi upande mmoja, ili ukifika kwenye kijito ujue ugeuke kulia au kushoto. Ukilenga katikati kabisa na usikione kivuko, hutajua kiko upande gani.

Hatua ya tano: Jifunze dira hadi mikono ifanye bila kuuliza kichwa

Nyumbani kila mtu anaijua dira. Mlimani, vidole vikiwa vimekufa ganzi na mapigo ya moyo yakiwa 170, wengi huisahau. Fanya hivi mara hamsini kabla ya mbio: weka ukingo wa bamba la dira kutoka ulipo hadi unakokwenda, zungusha pete hadi mistari yake ilingane na mistari ya kaskazini ya ramani, mshale wa pete ukielekea juu ya ramani, kisha geuka wewe mwenyewe, dira ikiwa tambarare mbele ya kifua, hadi sindano nyekundu iingie ndani ya mshale. Unakotazama ndiko uendako. Katika Lake District, tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani siku hizi ni ndogo kiasi kwamba mkimbiaji anaweza kuipuuza.

Kosa la kawaida, na la hatari, ni kuiweka dira kinyume na kwenda nyuzi 180 upande usiofaa. Dawa yake ni kuutamka mwelekeo kwa maneno kabla hujatazama dira: "naelekea kusini-mashariki." Dira ikikuambia kaskazini-magharibi, utashtuka.

Pamoja na dira, jua hatua zako. Tafuta uwanja, kimbia mita 100, na uhesabu kila mguu wa kushoto unapogusa chini. Rudia kwenye mpando na kwenye mawe. Namba zitatofautiana sana, na ni lazima uzijue zote.

Kuhusu vifaa vya setilaiti, mbio za aina hii kwa kawaida hukataza kuvitumia kutafutia njia, ingawa saa ya kurekodi inaweza kuruhusiwa. Soma kanuni za mbio yako, na uzifuate hata pale ambapo hakuna anayekuona.

Hatua ya sita: Nenda ukaione ardhi

Hakuna ramani inayoeleza ukubwa wa jiwe. Ukiweza, fika wiki tatu au nne kabla ya mbio, na usikimbie mzunguko wote. Nenda kwenye vile vipande viwili au vitatu vyenye shaka. Kwa Langdale ningechagua mahali patatu.

Pa kwanza ni mteremko wa Bowfell kuelekea pengo la Three Tarns. Mtu aliye kileleni na anayetaka kwenda kusini huvutika kushuka kusini moja kwa moja, na huko kuna magenge ya Bowfell Links. Njia kuu inaanza kwa kuelekea kusini-mashariki, kisha inashuka kwenye mawe upande wa mashariki wa magenge hayo. Ukiwa hapo, tazama pia pengo la Three Tarns lenyewe kwa makini. Upande wa mashariki ni Langdale, ambako gari lako lipo. Upande wa magharibi ni Eskdale, na anayeshuka huko kwa makosa atarudi kwa barabara inayovuka mapito mawili ya milima, Hardknott na Wrynose. Niliwahi kuwa mmoja wa watu sita waliomfuata mgongo mmoja wa fulana kutoka Bowfell ndani ya ukungu. Yule aliyetangulia alikuwa akimfuata mwingine aliyedhani anamwona mbele. Tulipotoka chini ya wingu tulikuta bonde lisilo letu, na kazi ya kupanda tena ilituchukua karibu dakika 40. Tangu siku hiyo, nikiwafuata watu, dira huwa mkononi na naangalia kila dakika kama wanakokwenda ndiko ninakokwenda.

Pa pili ni Bad Step, upande wa kusini wa kilele kikuu cha Crinkle Crags, ambapo korongo limezibwa na mawe makubwa yaliyokwama, na kinachobaki ni kushuka ukuta wa mwamba wa mita tatu hivi kwa mikono na miguu. Mwamba mkavu haumsumbui mtu mtulivu. Ukilowa, na kukiwa na foleni, unaweza kusimama hapo ukipoa kwa muda mrefu. Kuna njia ya kuuzunguka upande wa magharibi. Ipite njia hiyo siku ya matembezi yako, uipime kwa saa, na uamue kabla ya siku ya mbio. Kwa asiyezoea kukwea miamba, uamuzi wangu hauna mjadala: zunguka.

Pa tatu ni mteremko wa mwisho kutoka Pike of Blisco. Utakuwa umechoka, umeshapanda karibu mita 180 kutoka pengo la Red Tarn, unaona bonde na unasikia sauti za watu, na kila kitu mwilini kitakuambia ushuke moja kwa moja. Ubavu huo una vijabali ambavyo havionekani kutoka juu. Tafuta mapema mstari wa kijito cha Redacre Gill, ukariri mwanzo wake, na ushuke kwa huo.

Kama huwezi kufika kabla, ongea na wanaklabu waliowahi kukimbia. Katika mchezo huu watu hueleza njia zao kwa ukarimu mkubwa, uliza swali mahsusi, "mlipitaje kutoka kibandani hadi Ore Gap?", nawe utapata jibu mahsusi.

Hatua ya saba: Beba vifaa, na ujue kwa nini unavibeba

Orodha ya lazima kwa mbio ndefu ni koti la mvua lenye kofia na mishono iliyozibwa, suruali ya mvua, kofia, glavu, ramani, dira, filimbi, na chakula cha dharura. Ongeza nguo ya joto, hata kama mwaka huo haikudaiwa. Joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo juu ya Bowfell patakuwa na nyuzi tano pungufu kuliko bondeni, kabla hujahesabu upepo na jasho. Aliyekulia uwandani Afrika Mashariki anaweza kuidharau hewa ya nyuzi 8. Lakini nyuzi 8 bondeni, zikiambatana na mvua na upepo, humwangusha mtu aliyesimama kwa sababu ya kifundo kilichoteguka. Mwaka 2012 mkimbiaji mmoja alifariki kwa baridi katika mbio za Lake District zilizofanyika mwezi wa Aprili. Vifaa hivi havibebwi kwa ajili ya mtu anayekimbia, bali kwa ajili ya mtu aliyeshindwa kukimbia.

Maneno mengi hayahitajiki kuhusu viatu: soli zenye meno marefu, na ambazo tayari umezikimbilia kwenye mwamba uliolowa.

Hatua ya nane: Siku yenyewe

Fika saa moja na nusu kabla ya kuanza. Vifaa vitakaguliwa, na orodha ya vituo inaweza kuwa imebadilishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Pata utabiri wa vileleni, si wa mji. Unachotaka kujua ni urefu wa chini ya wingu, mwelekeo wa upepo, na saa ambayo hali itabadilika. Wingu likiwa kwenye mita 600, sehemu kubwa ya mbio hii itakuwa ndani yake, na hapo ndipo unapochagua zile njia zako za ukungu ulizoandaa. Usichukue uamuzi huo ukiwa tayari umeshapotea.

Kunja ramani ili kipande unachokimbia kiwe juu, na dole gumba likae pale ulipo. Sogeza dole hilo kila unapopita alama. Kwenye mpando wa Stickle Ghyll, ambao umejaa watu na hauna uamuzi wowote mgumu, tumia muda huo kusoma kipande kinachofuata. Kanuni yangu ni kwamba ninapogusa kituo kimoja niwe tayari najua mwelekeo wa kutokea kwenda kingine. Kusimama kileleni ukifungua ramani kwenye upepo ni kupoteza muda na joto kwa wakati mmoja.

Kumbuka muda wa ukomo wa kila kituo. Msimamizi akikuambia umechelewa na usiendelee, mshukuru na umtii.

Ukipotea, na kila mtu hupotea, simama. Usishuke ukitumaini kuona kitu. Jiulize ni wapi mara ya mwisho ulipokuwa na uhakika, ni dakika ngapi zimepita, na ardhi imeshuka au imepanda tangu hapo. Mara nyingi umbo la mteremko pekee litakujibu: kama ubavu ulio chini yako unatazama magharibi na wewe ulitarajia mashariki, umeshajua kosa lako. Usipopata jibu ndani ya dakika mbili, rudi hadi pale ulipokuwa na uhakika.

Ukiumia, vaa kila kitu ulichobeba kabla hujaanza kutetemeka, kisha piga filimbi mara sita, pumzika dakika moja, na urudie. Kama simu inashika mtandao, piga 999, omba polisi, kisha uombe waokoaji wa milimani. Unaposikia mwenzako akipiga filimbi hizo, mbio yako imekwisha kwa wakati huo, nenda kwake.

Na ukiamua kuacha, popote pale, ni lazima ujiandikishe kwa waandaaji kwenye mstari wa kumalizia, hata ikikubidi kusafiri kutoka bonde la pili. Waandaaji huwahesabu watu wanaoondoka na wanaorudi. Namba ikipungua kwa mtu mmoja, watu wa kujitolea watapanda gizani kumtafuta aliyekwenda nyumbani kuoga.

Ukimaliza, badili nguo, kunywa chai ya moto, kisha ukae na ramani yako kabla usiku haujaingia. Chora kwa kalamu nyekundu njia uliyopita kweli, si ile uliyokusudia, na uandike pembeni mahali uliposita na kwa muda gani. Halafu mtafute mtu aliyekuwa nyuma yako kibandani na akawa mbele yako Bowfell, na umwombe akuonyeshe kwa kidole alipita wapi.